Stima ikipotea, jihadhari na hewa usiyoiona

Ni saa moja jioni, mwezi wa Julai, na mvua imenyesha Eldoret tangu alasiri. Mara stima inapotea. Ofisini, kompyuta inazimika kabla barua haijahifadhiwa. Kwenye duka la fotokopi wateja wanabaki wamesimama na karatasi mkononi, na kinyozi amekwama na mteja aliyenyolewa upande mmoja tu. Nyumbani nako birika la umeme na shawa ya maji moto vimegeuka mapambo.

Kila mtu ananung'unika, kisha anatafuta njia yake. Mwenye duka anavuta kamba ya jenereta. Mama wa nyumba anawasha jiko la makaa nje ya mlango, analipepea mpaka makaa yawe mekundu, halafu analiingiza ndani ili watoto waote moto.

Njia hizi mbili tumezizoea, na zimetuokoa mara nyingi. Hata baada ya Eldoret kupandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 15, 2024, stima bado hupotea. Tena si sisi peke yetu. Gridi ya taifa ilizimika Januari 11, 2022, na tena usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, sehemu nyingi za Kenya zikakesha gizani. Lakini jiko na jenereta vikitumiwa mahali palipofungwa vinaweza kuangamiza jamaa nzima kwa usiku mmoja, bila kelele wala harufu.

Hewa gani hii?

Makaa, kuni, petroli na dizeli vikiungua mahali penye hewa ya kutosha hutoa hewa ya kaboni dioksidi, ile ile tunayoitoa tunapopumua. Hewa isipotosha, huzaliwa nyingine iitwayo kaboni monoksidi. Hiyo ndiyo sumu. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi macho. Moshi wa kuni utakukohoza mpaka utoke nje, lakini hii haikufukuzi. Inakubembeleza ulale.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba jiko haliingizwi ndani mpaka moshi uishe. Ni kweli moshi huo ni mbaya kwa mapafu. Lakini moshi ukiisha hatari haijaisha. Makaa mekundu yasiyotoa moshi hata kidogo huendelea kutoa kaboni monoksidi kwa wingi mpaka yawe majivu. Hata jiko la kauri, ambalo limetusaidia kupunguza makaa tangu miaka ya 1980, haliondoi sumu hii. Udongo wake hutunza joto tu.

Yanayotokea mwilini

Chembechembe nyekundu za damu ndizo zinazobeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye ubongo, moyo na viungo vingine. Kaboni monoksidi hunata kwenye chembechembe hizo kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Fikiria matatu ya kwenda Kapsabet ambayo viti vyake vyote vimekaliwa na watu wasiotaka kushuka. Gari linazunguka siku nzima, na abiria wa haki wanaachwa stendi. Ndivyo damu inavyozunguka bila kubeba oksijeni, na ubongo na moyo ndivyo vinavyoumia kwanza.

Mkazi wa Eldoret ana sababu ya kuogopa zaidi. Mji wetu uko kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na oksijeni tunayoipata kwa kila pumzi ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na mtu aliye Mombasa. Akiba yetu ni ndogo tangu mwanzo. Juu ya hayo kuna baridi, ambayo hutufanya tufunge madirisha, tuzibe nyufa kwa matambara na kuweka gunia chini ya mlango. Mahali moto unapokosa hewa, sumu huongezeka.

Dalili zake

Mtu huanza kuumwa na kichwa, kisha huhisi kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na udhaifu wa miguu. Baadaye huchanganyikiwa, husinziasinzia na kuzimia. Aliyelala huenda asihisi lolote. Wajawazito, watoto wachanga, wazee, wagonjwa wa moyo na wenye upungufu wa damu hudhurika haraka zaidi. Mtoto aliye tumboni anaweza kuumia hata mama akionekana nafuu.

Tatizo ni kwamba dalili hizi zinafanana na za malaria, za chakula kibaya au za uchovu wa kazi. Wengi humeza dawa ya maumivu na kurudi kulala chumba kile kile. Kwa hiyo jiulize mambo matatu. Je, kuna homa? Sumu hii kwa kawaida haileti joto la mwili. Je, watu kadhaa wa nyumba au ofisi moja wameugua kwa wakati mmoja? Je, mtu anapata nafuu akitoka nje na kuzidiwa akirudi ndani? Ukipata majibu hayo, mshuku kwanza jiko au jenereta.

Ufanye nini?

Fungua milango na madirisha, mtoe mgonjwa kwenye hewa safi, kisha toa jiko nje au zima jenereta. Usikawie ndani, kwani mwokoaji naye huanguka. Kama mgonjwa hapumui na unajua kumpulizia pumzi na kumkanda kifua, anza mara moja huku wengine wakitafuta gari. Maziwa hayaondoi sumu hii katika damu, na kumnywesha mtu aliyezimia kunaweza kumpalia.

Mpeleke hospitali hata kama amezinduka. Huko atawekewa oksijeni kwa kifuniko cha uso. Katika hewa ya kawaida, nusu ya sumu huchukua saa nne hadi sita kutoka mwilini. Kwa oksijeni tupu, muda huo hupungua hadi saa moja au moja na nusu. Mwambie daktari waziwazi kwamba mlikuwa na jiko au jenereta ndani. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakitofautishi oksijeni na sumu hii, kwa hiyo kinaweza kuonyesha kwamba mgonjwa ni mzima kumbe anaangamia. Mgonjwa akisharuhusiwa, angaliwe kwa wiki kadhaa, maana wengine hupata usahaulifu au mabadiliko ya tabia baadaye.

Kinga

Jiko la makaa lipikie nje au mahali penye upepo unaopita, na lisilale chumba kimoja na watu, hata likiwa limefifia. Kuweka sufuria ya maji juu yake hakusaidii, kwa sababu maji hayanyonyi hewa hii. Kuacha dirisha wazi kidogo nako si kinga ya kulalia.

Jenereta ikae nje kabisa, angalau mita sita kutoka kwenye mlango au dirisha, na bomba lake la moshi lielekezwe mbali na watu. Isiwekwe ukumbini, chini ya ngazi, stoo wala kwenye roshani. Wenye majengo wakumbuke kwamba moshi wa jenereta ya duka la chini hupanda hadi kwa wapangaji wa juu. Ukinunua jenereta, nunua pia waya mrefu wa kutosha kuiweka mbali.

Gari lisiachwe likinguruma ndani ya gereji ili kuchaji simu. Hita ya maji ya gesi isifungwe ndani ya bafu lisilo na tundu la kutolea hewa. Na moto wa jiko la gesi ukigeuka kutoka buluu kuwa manjano, liite fundi. Mwenye uwezo anunue kengele ya betri inayolia hewa hii inapozidi, aijaribu mara kwa mara na kubadilisha betri.

Asiye na uwezo huo ana kinga nyingine isiyo na gharama kubwa. Oteni moto pamoja nje au jikoni mnapopika, jaza maji moto kwenye chupa na uifunge vizuri, iviringishe kitambaa uiweke miguuni, wavishe watoto soksi na sweta, kisha jiko libaki nje. Barua iliyopotea kwenye kompyuta itaandikwa tena kesho, na mteja wa kinyozi atamaliziwa upande wa pili stima ikirudi.