Jirani kashusha bei, nami nishushe? Kwanza soma kilichoipata Alitalia

Posti ya leo ni ndefu kidogo, kwa hiyo tafuta chai ukae.

Wiki hii nimepata meseji tano inboksi, zote zinauliza kitu kimoja. Kuna mtu anauza mzigo kama wangu kwa bei ya chini, wateja wanahamia kwake, nifanyeje? Kabla sijajibu naomba nikusimulie habari ya shirika la ndege la Italia, Alitalia. Najua unasema ndege na sendo za kina dada wapi na wapi. Vumilia kidogo.

Alitalia ilianza kuruka mwaka 1947. Lilikuwa ndilo shirika la taifa lao, na kwa miaka mingi hata Papa akienda ziara za nje alipanda ndege zake. Jina kubwa, sare za kupendeza, chakula safi. Tarehe 14 Oktoba 2021 ikarusha ndege yake ya mwisho, kutoka Cagliari kwenda Roma, halafu ikafunga. Wakati huo kampuni iliyokuwa inabeba abiria wengi kuliko zote ndani ya Italia ilikuwa Ryanair, ambayo wala siyo ya Waitalia, ni ya Ireland.

Watu wengi wanasema Ryanair ilishinda kwa sababu ya bei. Mimi pia niliamini hivyo, na imani hiyo ilinikatia mtaji, nitakusimulia. Bei ni kile mteja anachokiona. Kilichoiua Alitalia kiko nyuma ya bei.

Chukua bodaboda. Kijana amepewa pikipiki ya bosi, kila siku apeleke hesabu ya 10,000. Akipata abiria watano, kila abiria amebeba 2,000 ya bosi kabla kijana hajala. Akipata abiria ishirini, kila mmoja amebeba 500 tu. Pikipiki ni ileile na hesabu ni ileile. Kijana wa pili anaweza kumtoza abiria bei ya chini na bado akarudi nyumbani na hela kuliko mwenzake. Ndege ni bodaboda ya mamilioni ya dola. Ikiwa chini haiingizi kitu, lakini kodi yake inahesabiwa saa zote.

Hii siri waliigundua Wamarekani kwa shida. Southwest ya Texas ilianza kuruka mwaka 1971. Mwaka uliofuata hela ikawa ngumu, ikabidi wauze ndege moja kati ya nne walizokuwa nazo. Badala ya kupunguza safari, wakaamua ndege tatu zilizobaki zifanye kazi ya nne. Itawezekanaje? Kwa ndege kutua, kushusha, kupakia na kuondoka tena ndani ya dakika 10. Miaka ya 90 mwanzoni, Michael O'Leary wa Ryanair alikwenda Marekani kutazama wanavyofanya, akarudi nayo Ulaya.

Ryanair walijiwekea dakika 25. Na ukichunguza, karibu kila kitu ambacho abiria wanakilalamikia kwenye ndege zao kinatokea hapo. Viti havilali, kwa hiyo haviharibiki ovyo. Mbele ya kiti hakuna mfuko wa kuweka magazeti, kwa hiyo hakuna takataka za kuchokonoa, na karatasi ya maelekezo ya usalama imebandikwa mgongoni mwa kiti. Watu wanapanda kwa ngazi kupitia mlango wa mbele na wa nyuma kwa wakati mmoja. Wahudumu wenyewe wanaokota uchafu. Ndege karibu zote ni aina moja, Boeing 737, hivyo rubani yeyote anaweza kukaa kwenye ndege yoyote, fundi anajua spea zilezile, na ile 737-800 wameijaza viti 189. Jioni wafanyakazi wanarudi walikotoka asubuhi, hakuna kuwalipia hoteli.

Viwanja nako waliangalia gharama. Anayekwenda Milano mara nyingi anashushwa Bergamo, karibu kilomita 50 kutoka mjini, kwa sababu viwanja vidogo vinatafuta wateja na vinapunguza ada. Tiketi wakaanza kuuza wenyewe kwenye tovuti yao mwaka 2000, kamisheni ya wakala ikabaki mfukoni. Ukitaka kuchagua kiti unalipa, begi kubwa unalipa, maji unalipa. Siku hizi vitu hivi vidogo vidogo vinawaletea karibu theluthi moja ya mapato yote. Na kuna moja ninayoipenda sana: baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 watu waliogopa kupanda ndege, mashirika yakawa yanafuta oda. Januari 2002 Ryanair wakaagiza Boeing 100. Unajua mwenyewe bei unayopewa Kariakoo siku ambayo hakuna mnunuzi.

Sasa rudi kwa Alitalia. Kazi yao ilikuwa ngumu zaidi, tuwe wakweli. Walikuwa wanakusanya abiria kutoka miji midogo, wanawaleta Roma, kisha wanawapandisha ndege kubwa ya kwenda mbali. Maana yake ndege moja inasubiri nyingine, mabegi yanahamishwa, na abiria akikosa ndege ya pili analazwa hoteli kwa gharama ya shirika. Ryanair wao walikutoa A wakakufikisha B, basi. Halafu mwaka 1998 Alitalia ikajiongezea kituo cha pili kikubwa pale Malpensa, Milano, yaani maduka makubwa mawili kwa wateja ambao hawakutosha hata moja. Mwaka 2008 wakakimbia huko na kupunguza safari nyingi. Ndege nazo zilikuwa mchanganyiko: Airbus ndogo, Airbus kubwa, Boeing 777, Embraer. Kila aina na marubani wake, spea zake, mafunzo yake.

Milango ilipofunguliwa Ulaya, na kuanzia 1997 shirika la nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya likaruhusiwa kubeba abiria hata ndani ya nchi nyingine, Alitalia ikajikuta inashindana na watu wa dakika 25. Ikabidi nayo ishushe nauli kwenye safari fupi. Nauli ikashuka, gharama ya kiti ikabaki palepale. Soma tena hiyo sentensi kama una haraka.

Wakati huohuo njia yao nono, Roma kwenda Milano, ikaliwa na treni. Kuanzia mwishoni mwa 2009 treni ya mwendo kasi ilikuwa inakufikisha kwa saa tatu hivi, katikati ya mji mpaka katikati ya mji. Safari za mbali, ambako mashirika makubwa kama Lufthansa na Air France yanapata pumzi, Alitalia ilikuwa nazo chache. Kwa hiyo chini amebanwa na wa bei poa, juu amebanwa na wakubwa, na katikati ya nchi kuna treni.

Hela haikukosekana, hilo ndilo linauma. Mwaka 2008 serikali iliikopesha euro milioni 300, na shirika likafilisika mwaka huohuo, likauzwa kwa wafanyabiashara wa Italia. Mwaka 2014 Etihad ya Abu Dhabi ikakubali kuchukua asilimia 49. Mwaka 2017 wafanyakazi wakapigishwa kura juu ya mpango wa kupunguza mishahara na ajira, theluthi mbili wakakataa. Siwalaumu sana, walishaahidiwa mara nyingi kwamba huu ndio mwisho wa kubana mkanda. Baada ya hapo serikali ikatoa tena milioni 900. Kila mkopo ulikwenda kuziba hasara ya jana, na ndege iliendelea kukaa chini muda uleule.

Sasa yangu. Mimi niliishia kidato cha nne, hesabu sikuwa mtu wa kusifiwa. Mwaka juzi nilikuwa na fremu nauza sendo za kina dada, dukani na mtandaoni. Jozi nanunua 9,000 nauza 15,000. Akatokea dada mmoja mtandaoni, sendo zilezile, 12,000. Nikapandwa na hasira, nikashusha mpaka 12,000. Nikajiambia napata 3,000 kila jozi, siyo mbaya.

Ungekuwepo ungenizuia. Fremu nilikuwa nalipa 200,000 kwa mwezi, binti wa dukani 120,000, umeme na bando 40,000. Jumla 360,000. Nilikuwa nauza jozi 90 kwa mwezi, kwa hiyo kila jozi ilibeba 4,000 juu ya ile 9,000. Sendo yangu ilikuwa inanigharimu 13,000, nami nauza 12,000 huku natabasamu. Mwezi wa pili nikakopa kikundini nikaleta mzigo mwingine. Nikafika jozi 120, na hapo ndipo nilikuwa nafikia sifuri tu, lakini sasa nina marejesho kila Jumamosi. Miezi mitano mtaji ukabaki nusu.

Yule dada nilikuja kumfahamu baadaye, siku hizi tunapigiana simu. Hana fremu, anauzia nyumbani. Anauza mitindo mitatu tu. Oda anafunga Jumatatu usiku, wateja wameshalipa, Jumanne asubuhi yuko Kariakoo, Jumatano boda wanasambaza na nauli ya boda ni juu ya mteja. Mzigo haulali kwake hata siku mbili. Gharama zake kwa mwezi zilikuwa kama 60,000, anauza jozi 120, kila jozi inabeba 500. Sendo yake inamgharimu 9,500. Kwa bei ya 12,000 alikuwa anapata 2,500 kwenye kila jozi, wakati mimi kwa ile bei yangu ya zamani ya 15,000 nilikuwa napata 2,000. Yaani alikuwa bei ya chini na faida ya juu! Nami nilidhani anauza kwa hasara ili anikomoe.

Usikimbilie kufunga fremu lakini. Mimi sikufunga. Nina wateja ambao bila kuingiza mguu kwenye kiatu hawatoi hela, na hao yule dada hawapati. Nilichofanya, nimegawana fremu na fundi cherehani, kodi nusu kwa nusu, binti wa dukani anatuhudumia wote na mshahara tunachangia. Mitindo nimepunguza kutoka 14 hadi minne, maana ile mingine kumi ilikuwa imelala stoo inakula vumbi na hela yangu. Gharama zimekuwa 180,000, nauza jozi kama 100. Hesabu ipige mwenyewe: 9,000 na 1,800, ni 10,800. Nauza 13,000. Yule dada bado anauza 12,000 na wala simfuati.

Wale watano wa inboksi nimewajibu kwa swali moja: jozi moja, au gauni moja, au kava moja la simu, mpaka linamfikia mteja limekugharimu shilingi ngapi, ukijumlisha kodi, bando na muda lililolala ndani? Mpaka naandika hii posti, ni wawili tu wamenirudishia namba. Mmoja wao amekuta anauza chini ya gharama tangu mwezi wa tatu.