Kupanga Msitu Pamoja na Wanaoutegemea

Mama anayeokota kuni kwenye msitu wa Mlima Elgon, juu ya Kitale, anajua mengi yasiyoonekana kwenye ramani ya ofisini: chemchemi isiyokauka Januari, njia wanayopita ng'ombe kwenda malishoni, mahali miti ilikokatwa usiku. Mpango wa msitu wa jamii unapaswa kuanza na maarifa hayo, kabla mche wowote haujatiwa kitaluni.

Sheria inaruhusu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016, iliyochukua nafasi ya Sheria ya Misitu ya 2005, inawawezesha majirani wa msitu kuunda chama, kukisajili, kisha kuliomba Shirika la Huduma za Misitu (KFS) washiriki kuutunza. Hutungwa mpango shirikishi, halafu mkataba: nani akate nyasi, nani atundike mizinga, nani alime viazi na maharagwe kati ya miche kwa miaka michache hadi miti ifunge kivuli. Mkulima huyo haruhusiwi kujenga humo.

Kwenye karatasi yote ni mazuri. Tatizo huja barazani, ambako mwenye ng'ombe wengi husema sana na mwokota kuni hunyamaza. Ndiyo maana kila kundi lafaa likae peke yake kwanza, wafugaji kwao, warina asali kwao, akina mama kwao, na ramani ichorwe chini: majivu yawe mto, vijiti viwe njia za mifugo, punje za mahindi ziwe chemchemi. Hata asiyejua kusoma huinama akaisogeza punje iliyowekwa pasipo pake. Kazi hii huchukua muda, na muda huo hauna njia ya mkato.

Upande wa Bungoma, Chepkitale inaonyesha gharama ya kuwaruka watu. Mwaka 2000 ardhi hiyo ya Waogiek wa Mlima Elgon ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa bila ridhaa yao, wakafurushwa, wakarudi, wakafurushwa tena. Waogiek hawakuishia kulalamika. Waliziandika kanuni zao za kale za kutunza msitu, zikiwamo za kupiga marufuku uchomaji makaa, wakaweka walinzi wao wenyewe. Wakati huohuo kesi ilikuwa mahakamani, na mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kwamba ardhi hiyo ni ya jamii. Miaka zaidi ya 20 ilipotea kwa jambo ambalo lingeanza kwa mazungumzo.

Kwa hiyo, wanachama wa vyama vya misitu vya Trans Nzoia na Bungoma, msitie sahihi mkataba ambao haujasomwa kwa sauti mbele ya wote, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kijiji, pamoja na ukurasa unaosema nani atapata nini, na nani atasuluhisha ugomvi.