Masika Yasikukute na Nyundo Mkononi

Mwishoni mwa Februari, Misugusugu haina dalili ya mvua. Kata hiyo ya Kibaha, iliyo kando ya Barabara ya Morogoro kabla ya kufika Mlandizi, inakuwa bado kwenye kiangazi: vumbi la malori, majani makavu, na kaskazi inayoleta joto kuliko nafuu. Ni wakati ambao fundi wa paa hupatikana kwa maelewano na mbao zimekauka vizuri. Mvua zikishaanza, kila mwenye paa linalovuja humtafuta fundi yuleyule siku ileile, na bei hupangwa na aliyeitwa.

Huko Ulaya, kaya hujiandaa kwa majira ya baridi kwa kuziba madirisha na kuweka akiba ya kuni. Pwani ya Tanzania, kipupwe cha Juni hadi Agosti humdai mtu shuka la ziada tu. Msimu unaoipima nyumba ni masika, yaani Machi hadi Mei. Karibu na Machi 21 jua huvuka ikweta kuelekea kaskazini, na ukanda wa mvua hulifuata. Kaskazi hulegea, kusi huanza kushika, na hewa ya pepo hizo, yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, hukutana, hupanda juu, hupoa na kushuka kama mvua. Ukanda huo unaporudi kusini kati ya Oktoba na Desemba ndipo Pwani hupata vuli.

Kumbukumbu za maafa hazipo mbali. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na baadhi ya walionusurika mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, wilaya za mkoa wa Pwani, uleule wa Kibaha. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo kimbunga Hidaya kikafika pwani ya kusini na kuikata barabara ya Lindi. Lakini nyumba nyingi haziangushwi na mto uliovunja kingo. Huliwa polepole na tundu la msumari, na tone linalochimba ukuta chini, na dimbwi la nyuma ya choo. Hasara za namna hiyo huzuilika kwa fedha kidogo, mradi fedha hiyo itumike kwa kufuata njia ya maji: yanapoangukia, yanapopita na yanapotuama.

Juu ya kenchi

Bati huanza kuchoka kwa jua kabla ya mvua. Bati la mita 3 linaweza kuwa na nyuzijoto 25 alfajiri na kufikia 65 mchana. Kila nyuzi moja inapoongezeka, chuma hutanuka kwa sehemu 12 katika kila milioni ya urefu wake, kwa hiyo bati hilo hurefuka karibu milimita 1.5 mchana na kurudi usiku. Mvutano huo huishia kwenye msumari, siku baada ya siku. Tundu hupanuka, raba ya msumari hukauka na kupasuka, na papi iliyopigwa ikiwa mbichi husinyaa na kuulegeza msumari. Masika yanapofika, njia ya maji huwa imeshatengenezwa.

Ukaguzi wake hauna gharama. Mchana wa jua kali, milango na madirisha yafungwe, mtu asimame ndani na atazame juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu, na hapo panatiwa alama ya chaki. Msumari uliolegea hung'olewa na kuwekwa mnene zaidi. Aliyekosa raba za dukani anaweza kukata vipande vya tyubu chakavu. Tundu dogo huzibwa kwa kipande cha kitambaa na lami. Msumari wa bati la migongo hupigwa kwenye mgongo, kamwe si bondeni, kwa sababu bondeni ndiko maji yanakokimbilia.

Kutu nayo ina sayansi yake. Bati jeupe ni chuma kilichopakwa zinki, na zinki huliwa na hewa na maji kabla ya chuma, hivyo hujitoa mhanga kukilinda hata pale penye mkwaruzo mdogo. Zinki ikiisha, kutu huenda kasi. Doa la kahawia lililosuguliwa kwa brashi ya waya na kupakwa rangi ya chuma wakati wa kiangazi huliongezea bati maisha. Likipakwa siku ya manyunyu, rangi hubanduka.

Kisha kuna upepo. Upepo wa kilomita 72 kwa saa ukipita juu ya paa hushusha mgandamizo wa hewa upande wa juu, na ukingoni na kwenye pembe unaweza kulivuta bati kwenda juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 24 au zaidi kwa kila mita ya mraba. Bati la geji 30 lenyewe, katika eneo hilo, halifiki kilo 3. Kinachobaki kulishika ni misumari na kenchi. Mlango ulio wazi upande wa upepo huongeza balaa, kwa kuwa hewa iliyoingia husukuma paa kutoka ndani. Mwenye fedha ya kukaza sehemu moja tu aanze na safu za misumari za ukingoni, na kenchi zifungwe ukutani kwa waya wa kufungia nondo.

Ndoo moja kila dakika

Nyumba ya mita 6 kwa 8 ina paa la mita za mraba 48 kwa kipimo cha chini. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Mvua kali ya milimita 50 kwa saa humwaga kutoka upande mmoja wa paa hilo lita 1,200 kwa saa, yaani ndoo ya lita 20 kila dakika, kwenye mstari uleule wa ardhi sentimita chache kutoka ukutani.

Tone kubwa la mvua hufika chini kwa kasi ya mita 9 hivi kwa sekunde. Likigonga udongo mtupu hurusha tope ukutani, na ukuta wa udongo au wa tofali mbichi hupoteza nguvu unapolowa. Ndiyo sababu nyumba za miti na udongo huoza miguuni kwanza, hali juu bado ni nzima. Tiba yake ni ya jembe: ardhi inayoizunguka nyumba iinuliwe ili iteremke kuelekea nje, mtaro uchimbwe chini ya ukingo wa paa, na humo zitiwe kokoto au vipande vya tofali ili tone livunjikie hapo. Lipu ya saruji ya kimo cha nusu mita kuanzia chini hulinda sehemu inayoumia zaidi, kwa saruji kidogo kuliko lipu ya ukuta mzima.

Maji hayo yanaweza pia kuacha kuwa adui. Mvua ya kawaida ya milimita 20 kwenye paa lile ni lita 960. Hata kama sehemu ya tano itapotea kwa kuruka na kumwagika, hubaki zaidi ya lita 750. Gata si lazima iwe ya dukani; bomba la plastiki lililopasuliwa katikati au kipande cha bati kilichokunjwa hufanya kazi, mradi gata hiyo iteremke sentimita 1 kwa kila mita. Mvua ya mwanzo huosha vumbi na mavi ya ndege, hivyo lita 50 za kwanza kutoka paa la ukubwa huo ziachwe zimwagike au ziende bustanini. Familia isiyo na simtanki inaweza kuanza na pipa la lita 200 na madumu, na kila siku ya mvua ikapunguza fedha ya kununua maji.

Kwa kunywa, maji ya paa bado yatibiwe. Kuchemsha hadi yatokote vizuri kwa dakika 1 kunatosha kuua vijidudu vya maradhi, wala hakuna haja ya kuunguza mkaa robo saa. Njia ya kuanika chupa juani kwa saa 6 ni nzuri kiangazi, ila chini ya mawingu ya masika huhitaji siku 2 mfululizo, na katika mvua isiyokatika haifai kutegemewa. Dawa ya klorini ya dukani hutumika kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Dimbwi na choo

Yai la mbu huchukua siku 10 hivi kuwa mbu anayeruka, kwa joto la Pwani. Hesabu hiyo inatoa kinga isiyogharimu shilingi: kila kilichoshika maji kimwagwe mara moja kwa wiki, siku maalumu ya familia, na mzunguko utakatika kabla haujakamilika. Pipa la maji ya mvua lifunikwe kwa kitambaa kilichobana. Mbu wa aina ya Aedes, aliyeleta homa ya dengue Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hutaga kwenye kuta za chombo juu kidogo ya maji, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Kwa hiyo chombo kisisubiri mvua. Kisuguliwe kwa brashi wakati bado ni kikavu.

Kibaha penyewe kuna kiwanda cha viuadudu kilichojengwa kwa teknolojia ya Kuba na kuzinduliwa mwaka 2015. Dawa yake hutokana na bakteria ambao sumu yao hufanya kazi tumboni mwa kiluwiluwi na haimdhuru mtu wala samaki. Hufaa kwa madimbwi yasiyoweza kumwagwa. Makunduchi, Zanzibar, watafiti wa miaka ya 1980 walitia punje za plastiki nyepesi zinazoelea kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Mbu wa Culex, wanaoeneza matende, wakakosa mahali pa kutagia na idadi yao ikaporomoka.

Choo kina hatari nyingine. Mijini kuna desturi mbaya ya kutapisha vyoo mvua inaponyesha, kwa kudhani maji yatabeba kila kitu. Yanabeba kweli, hadi kisimani kwa jirani. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi. Shimo linalokaribia kujaa linyonywe kiangazi, mdomo wake uinuliwe kwa tofali juu ya usawa wa maji yanayopita, na kisima kipya kichimbwe angalau mita 30 kutoka chooni.

Ghala na jiko

Unyevu haukomi mlangoni. Mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 14 huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutengeneza sumukuvu, iliyoua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kipimo cha nyumbani ni chupa ya kioo na chumvi kavu: mahindi kidogo na vijiko vichache vya chumvi vitikiswe ndani kwa dakika 1, kisha viachwe dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yarudi juani. Gunia lisilale sakafuni wala kuegemea ukuta; tofali na mbao chache hulipa nafasi ya hewa.

Mkaa nao ununuliwe kabla barabara za vumbi za Kisarawe na vijiji vya Kibaha hazijawa tope. Mkaa uliolowa humnyang'anya mpishi joto mara mbili, kwani kila lita ya maji iliyomo lazima ipashwe moto na kugeuzwa mvuke kabla joto halijafika kwenye sufuria. Gunia lililoinuliwa na kufunikwa hurudisha gharama yake ndani ya msimu mmoja.

Kwa mfuko mdogo, mpangilio wa matumizi hujipanga wenyewe: kwanza jembe na mtaro, ambavyo ni nguvu tu, pili misumari, lami na waya, tatu gata na pipa, saruji na bati jipya mwishoni. Lakini mtaro wa nyumba moja usio na pa kutokea humwagia jirani maji. Wenyeviti wa mitaa na vijiji vya Kibaha na Kisarawe waitishe mkutano mwezi Februari, siku moja ya kazi ipangwe ya kuzibua kalavati na kuunganisha mitaro ya mtaa mzima, na kila kaya itoe mtu na jembe kabla mwelekeo wa masika unaotangazwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa haujageuka mvua.