Muziki tunaoupenda, kila mama na wake

Jumapili iliyopita, kisha mkutano, tuliulizana: mama, wewe unapenda muziki wa nani? Tulicheka sana, lakini tulijifunza pia.

Wamama vijana walimtaja Fally Ipupa. Wengine walisema Mbilia Bel, hasa alipoimba pamoja na Tabu Ley. Mama mmoja wa kwaya alisema tangu aokoke anasikiliza nyimbo za Mungu tu. Lakini alikubali kwamba tarehe 10 Desemba 2022, Tshala Muana alipofariki, alilia. Siku ya ndoa yake walicheza mutuashi. Hatukumcheka.

Ndipo mama mzee kuliko sisi wote akamtaja Mwenda Jean-Bosco. Marehemu mume wake, mfanyakazi wa Gécamines, alikuwa akipiga nyimbo za Mwenda kwa gitaa kila jioni. Mwenda alizaliwa Bunkeya, hapa hapa Lualaba, mwaka 1930, na aliimba kwa Kiswahili. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na wimbo wake "Masanga" ukafika mpaka Ulaya. Wengi kati yetu hatukumjua. Telefone zetu zimejaa muziki wa Kinshasa na wa Nigeria. Wa mtu wa kwetu hatukuwa nao hata mmoja.

Wiki hii, mama, muulize mzee wa nyumbani kwako wimbo anaoupenda, na kwa nini. Watoto wakae karibu wasikie. Akikumbuka maneno yake, yaandike, uyalete Jumapili.