Baiskeli ya gia iliyokarabatiwa: kwa nini moja huuzwa leo na nyingine hukaa mwezi ukutani

Unaikuta baiskeli ya gia kwa fundi, imepigwa rangi mpya mpaka inang'aa, na bado ipo ukutani mwezi mzima. Jirani yake imechubuka kila kona lakini inaondoka siku hiyohiyo. Kwa anayeuza Tarime au Serengeti, siri haiko kwenye rangi. Mteja wa huku anauliza mawili: ikiharibika napata spea? Na hii baiskeli imetoka kwa nani?

Anza na tairi. Wengi wamekulia kwenye baiskeli nyeusi ya tairi namba 28, Phoenix ya China au Hero ya India, ambayo vifaa vyake vimezoeleka mpaka vijijini. Baiskeli ya gia ni ukoo mwingine. Ilianzia California, Marekani, miaka ya 1970, vijana walipochukua baiskeli kuukuu za tairi nene, wakazifufua na kuteremka nazo milimani. Yaani yenyewe tangu mwanzo ni baiskeli iliyokarabatiwa.

Namba yake ya kawaida ni 26, na hiyo ndiyo rahisi kuuza. Za mtumba kutoka Ulaya siku hizi huja pia na 27.5 au 29, na hapo ndipo watu huingia mkenge. Mtu anaona 29, anadhani tairi ya Phoenix ya 28 italazimika kuingia. Haiingii. Kipenyo ambacho tairi ya 29 hukalia kwenye ringi ni milimita 622, cha ile 28 ya Phoenix ni 635. Namba kubwa, ringi ndogo! Ya 26 ni milimita 559. Kipimo hiki huandikwa ubavuni mwa tairi, kwa hiyo kisome kabla hujanunua ya kukarabati. Ukishanunua ya 29, tafuta tairi na tyubu za akiba uziuze pamoja nayo.

Pesa ya matengenezo iende wapi? Inategemea inakokwenda baiskeli. Mteja wa milimani Tarime, anayeshuka na ndizi au mahindi, anataka breki. Badilisha mipira na waya zote, usibakize hata mmoja "bado unafaa". Ukishuka upande wa Mugumu, adui ni miiba, na tairi iliyoisha meno haitamfikisha mtu mbali bila pancha.

Shokapu ya nyuma inapendeza kwenye picha, basi. Fremu ya namna hiyo haipokei karia ya kawaida vizuri, na baiskeli isiyobeba dumu la maji au gunia huku ina wateja wachache. Ukiwa na fremu mbili za kuchagua, chukua iliyo ngumu nyuma, ufunge karia imara.

Cheni ipime kwa rula. Pini hadi pini, hesabu pingili 20: mpya ni sentimita 25.4. Ikifika 25.6 imevutika, na itaendelea kula meno ya gia, hata zile mpya ulizofunga jana. Kama gia za mbele zimegoma kabisa, usihangaike. Acha duara moja mbele, zibaki saba za nyuma zinazobadilika vizuri, kisha mwambie mteja ukweli kwamba ni gia saba. Ishirini na moja zinazorukaruka zitamrudisha kwako kesho akiwa na ndugu zake.

Sasa hilo swali la pili. Mnadani huku hakuna anayenunua ng'ombe bila kujua katoka zizi gani, na baiskeli ni vilevile. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu kupokea mali ya wizi, huku ukijua au ukiwa na sababu ya kujua, kuwa ni kosa. Geuza baiskeli juu chini: namba ya fremu kwa kawaida imegongwa chini ya ekseli ya pedali. Ikiwa imesagwa au imezibwa kwa rangi nzito, achana nayo hata ikiwa bei ya bure. Hapa ndipo rangi mpya inapomponza muuzaji mwaminifu, kwani mteja anajiuliza inaficha nini. Paka rangi ukitaka, ila namba iache isomeke.

Andika karatasi ya mauziano: majina, namba ya fremu, bei, tarehe, sahihi zenu na za shahidi. Mwenyekiti wa kitongoji anatosha. Iliyovuka kutoka Kenya kwa Sirari, karatasi zake za forodha ziambatane nayo.

Bei ipange kwa gharama halisi. Kwa mfano, umeinunua 80,000, tairi na tyubu 40,000, cheni na breki 25,000, fundi 15,000. Hiyo tayari ni 160,000 kabla ya faida, na mteja akionyeshwa risiti za spea hupunguza kelele za bei.

Akitaka kuijaribu, aache kitu cha thamani, au aizungushe mbele ya macho yako. Akilipa kwa simu, usiamini meseji anayokuonyesha yeye. Angalia salio lako mwenyewe kwanza, ndipo umwachie usukani.