Reli na mfereji vilivyoachwa vyageuka njia za baiskeli zisizo na magari

Na Mwandishi Wetu

MTU anayesafiri kwa baiskeli kutoka Bristol kwenda Bath, miji miwili iliyoko kusini-magharibi mwa Uingereza, anaweza kumaliza safari ya kilometa 21 bila kuchangia njia na lori, basi wala pikipiki. Anapita nyuma ya nyumba za watu, kando ya mashamba na juu ya Mto Avon, katika njia ya lami yenye upana wa meta tatu hivi, ambayo watoto huitumia kwenda shule na wazee huitumia kunyoosha miguu.

Njia hiyo haikujengwa kwa ajili ya baiskeli. Ni tuta la reli iliyofungwa. Na kwa anayetoka Bath kuelekea mashariki, njia nyingine hufuata ukingo wa mfereji uliochimbwa zaidi ya miaka 200 iliyopita kwa ajili ya mashua za mizigo. Historia ya njia hizo mbili inaeleza kwa nini baadhi ya miji imepata njia salama za baiskeli kwa gharama nafuu, na kwa nini mingine imeikosa nafasi hiyo moja kwa moja.

Kwa nini reli na mifereji?

Sababu ya kwanza ni umbile la ardhi. Garimoshi halimudu mlima mkali, hivyo wahandisi wa karne ya 19 walilazimika kuchimba vilima na kujaza mabonde ili reli ipande na kushuka kidogo kidogo. Maji ya mfereji nayo hayapandi mlima kabisa. Mfereji hufuata usawa mmoja, na pale unapolazimika kupanda, mashua huingizwa katika chumba chenye malango mbele na nyuma, kisha maji hujazwa hadi mashua iinuke kufikia usawa wa juu. Kazi hiyo yote ya kusawazisha ardhi ililipiwa zamani, na leo anayefaidika ni mwendesha baiskeli asiye na mazoezi, ambaye mlima mmoja tu ungemkatisha tamaa.

Sababu ya pili ni mwendelezo. Reli au mfereji ni ukanda mmoja wa ardhi, unaoanzia nje ya mji na kuingia hadi karibu na katikati yake. Mara nyingi ukanda huo hupita juu au chini ya barabara kwa madaraja, hivyo mwendesha baiskeli hukutana na magari katika makutano machache tu. Mji ambao tayari umejengwa hauwezi kuupata ukanda wa namna hiyo upya bila kubomoa nyumba na kulipa fidia.

Kutoka kokoto hadi lami

Mwaka 1963, Dk. Richard Beeching, aliyekuwa mwenyekiti wa Bodi ya Reli ya Uingereza, alitoa ripoti iliyopendekeza kufungwa kwa vituo zaidi ya 2,000 pamoja na maelfu ya kilometa za reli zilizoonekana kuleta hasara. Treni za abiria katika reli iliyoingia kituo cha Green Park mjini Bath zilisimamishwa Machi 1966, na zile za mizigo zikafuata miaka michache baadaye.

Katika sehemu nyingi za nchi hiyo, ardhi ya reli zilizofungwa iliuzwa vipande vipande. Madaraja yalibomolewa, mabonde yaliyochimbwa yakafukiwa, na nyumba zikajengwa palipokuwa na mataruma. Ukanda ukishakatwa mara tatu au nne, kuuunganisha tena huwa kazi ya miongo.

Bristol haikufika huko. Julai 1977, wakazi kadhaa wa mji huo walianzisha kikundi kilichoitwa Cyclebag, ambacho mmoja wa viongozi wake alikuwa mhandisi John Grimshaw. Mwaka 1979 kikundi hicho kilitengeneza kipande cha kwanza cha kilometa nane hivi, kati ya Bath na Bitton, kwa nguvu za watu wa kujitolea waliosawazisha kokoto zilizoachwa na reli. Kazi iliendelea kuelekea Bristol, na mwaka 1986 njia yote ilikuwa imekamilika, pamoja na handaki la Staple Hill lenye urefu wa karibu nusu kilometa, ambalo liliwekewa taa.

Cyclebag ndiyo iliyozaa shirika la hisani la Sustrans, ambalo mwaka 2025 lilibadili jina na kuwa Walk Wheel Cycle Trust. Mwaka 1995 shirika hilo lilipewa zaidi ya pauni milioni 40 kutoka fedha za Bahati Nasibu ya Taifa ili lijenge mtandao wa njia za baiskeli wa nchi nzima.

Njia ya farasi

Mfereji wa Kennet and Avon ulikamilika mwaka 1810. Una urefu wa kilometa 140, kutoka Reading hadi Bristol. Mashua za wakati huo zilivutwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni, na njia ya farasi hao ndiyo wanayopita waendesha baiskeli wa leo.

Reli ya London hadi Bristol ilipofunguliwa mwaka 1841, mfereji ulianza kupoteza mizigo, na mwaka 1852 uliangukia mikononi mwa kampuni hiyo hiyo ya reli. Kufikia katikati ya karne ya 20, sehemu zake kadhaa zilikuwa hazipitiki. Watu wa kujitolea waliufufua kwa miaka mingi, hadi Malkia Elizabeth II alipoufungua tena Agosti 1990.

Kipande kinachopendwa zaidi na wageni ni kile cha kutoka Bath hadi Bradford-on-Avon, kiasi cha kilometa 16. Katika sehemu mbili, Dundas na Avoncliff, mfereji wenyewe huvuka juu ya mto kwa daraja la mawe, mashua zikielea juu na maji ya mto yakipita chini. Mbele zaidi, karibu na mji wa Devizes, kuna vyumba vya maji 29 vinavyopandisha mashua mlimani, 16 kati ya hivyo vikiwa vimepangwa kwa mstari mmoja ulionyooka.

Aprili 2013 mji wa Bath ulifungua njia nyingine, inayoanzia katika bustani ndefu na nyembamba iliyo juu ya tuta la reli ya zamani, kisha kupenya mahandaki mawili. Handaki la Combe Down pekee lina urefu wa meta 1,672. Ikiunganishwa na mfereji pamoja na vipande vifupi vya barabara tulivu, njia hiyo hufanya mzunguko wa kilometa 21 hivi, ambao familia inaweza kuumaliza kwa nusu siku.

Ukanda unaotamaniwa na wengi

Sifa hizo hizo zinazoipa njia thamani ndizo zinazoiweka hatarini. Mapema mwaka 2008, mamlaka za eneo la Bristol zilitoa pendekezo la kupitisha mabasi yaendayo haraka katika sehemu ya njia hiyo ya Bristol na Bath. Kwa mpangaji wa usafiri, pendekezo hilo lilikuwa na mantiki: ukanda ulikuwepo tayari, ulikuwa tambarare, haukuwa na foleni, na uliingia hadi mjini.

Maelfu ya watu walitia saini kupinga, mikutano ikafanyika, na mpango huo ukawekwa kando. Hata hivyo, mgogoro ule haukuwa kati ya jambo jema na baya, kwa kuwa basi nalo hupunguza magari barabarani. Swali lilikuwa kama ni haki kwa basi kupewa nafasi ya watu ambao tayari wameacha magari yao nyumbani, wakati barabara kuu zikibaki kama zilivyo.

Mvutano mwingine uko baina ya watumiaji wenyewe. Shirika la Canal & River Trust, ambalo tangu Julai 2012 linasimamia kilometa zipatazo 3,200 za mifereji na mito nchini England na Wales, limeweka kanuni kwamba mwenye haki ya kwanza ukingoni ni mtembea kwa miguu. Mwendesha baiskeli anatakiwa kupunguza mwendo, kupiga kengele mapema na kushuka inapobidi, hasa chini ya madaraja, ambako njia hujikunja na kuwa nyembamba hata anayekuja upande wa pili asionekane. Ukingoni pia kuna wavuvi wenye fimbo ndefu, kamba za mashua na watoto wadogo, na hakuna uzio wa kuzuia mtu asiangukie majini.

Vizuizi vya chuma vilivyowekwa kuzuia pikipiki navyo vimeleta malalamiko, kwa sababu huwazuia pia watu wanaotumia viti vya magurudumu na baiskeli za matairi matatu.

Alama ya njia haitoshi

Uingereza yenyewe imejifunza kwamba kuchora njia kwenye ramani si sawa na kuijenga. Tathmini ya Sustrans ya mwaka 2018 ilionyesha kuwa ni takriban theluthi moja tu ya mtandao wa taifa iliyokuwa haina magari kabisa, na sehemu iliyobaki ilipita barabarani. Mwaka 2020 shirika hilo liliondoa au kubadili hadhi ya karibu robo ya mtandao, baada ya kuona kwamba barabara hizo hazikuwa salama kwa mtu wa kawaida.

Kipimo kilichotumika katika tathmini hiyo kilikuwa rahisi: je, mtoto wa miaka 12 anaweza kupita hapo peke yake? Njia ya Bristol na Bath ni miongoni mwa zile ambazo mzazi anaweza kujibu ndiyo bila kusita. Jibu hilo lilipatikana kwa sababu, katika miaka iliyofuata kuondoka kwa treni ya mwisho, hapakuwa na nyumba iliyojengwa juu ya tuta.