Je, Watu wa Temeke Wamepungua?

Tazama hesabu hii. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 1,368,881 Wilaya ya Temeke. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 1,346,674. Je, watu wamekimbia? La. Mipaka ndiyo iliyobadilika.

Mwaka 2012 Kigamboni ilikuwa ndani ya Temeke. Kufikia mwaka 2016 ilikwisha kuwa wilaya yenyewe. Mwaka 2012 sehemu hiyo ilikuwa na watu kama 163,000. Watoe hao, Temeke inabaki na kama 1,206,000. Kumbe Temeke nayo imeongezeka!

Na Kigamboni je? Mwaka 2022 ilikuwa na watu 317,902, karibu mara mbili. Sababu moja ni usafiri. Zamani watu walivuka kwa pantoni, au walizunguka Kongowe. Mwaka 2016 Daraja la Nyerere lilifunguliwa. Mtu akaweza kujenga Kigamboni na kufanya kazi mjini.

Kaya nazo zimebadilika. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Nchini kote, wastani wa kaya ulikuwa watu 4.7 mwaka 2012, na 4.3 mwaka 2022. Yaani watu 100 waliokuwa na vyungu 21, sasa wana vyungu 23. Nyumba na kuni zinahitajika zaidi.

Madarasa, zahanati na visima hupangwa kwa hesabu hizi. Basi ukisomewa hesabu mkutanoni, uliza kwanza: mipaka ni ile ile?